Jiko Lililokwama Ngazini

Saa mbili asubuhi Zulmira Arruda alikuwa amekwisha kuwashusha watakatifu saba kutoka ukutani. Alikuwa akimviringishia wa nane, Antoni, gazeti la juzi, na mumewe amesimama mlangoni na nyundo mkononi akimtazama.

"Huyo mwache," Gualter akasema. "Kazi yake ni kutafuta vilivyopotea. Ukimfunga macho, cheti chetu atakiona vipi?"

"Dalali amesema ukuta uwe mtupu."

"Dalali hamjui Antoni."

"Ng'oa misumari, Baba Lídia. Maneno baadaye."

Orodha ya dalali ilikuwa imebanwa kwenye friji kwa sumaku. Toa picha za familia. Toa watakatifu. Toa plastiki kwenye makochi, toa ndoo za nyanya barazani, na usikaange samaki siku tatu kabla ya wanunuzi kuja. Zulmira aliisoma mara moja tu akaielewa: kesho, Jumamosi, mtu akiingia humu aone nyumba ambayo hakuna aliyewahi kuugua, kuoa wala kula ndani yake. Hakukasirika. Alikuwa akiimba.

Watu wa Barabara ya Eagan walikuwa wakimpa pole tangu Pasaka, na pole zote alizikataa. Miaka arobaini na mmoja katika nyumba moja ilimtosha. Alikuwa amekwishazoa theluji yake yote. Ng'ambo ya kiwanda cha zamani cha pamba walikuwa wamejenga fleti za wazee, na wao wawili walikuwa wamepata moja: ghorofa ya tatu, lifti, dirisha la kutazama mashariki, na bafu ambalo Gualter angeingia bila kuinua mguu. Nyonga ya Gualter ilikuwa imekufa. Mafuta ya kupashia nyumba yalipanda kila msimu wa baridi, kodi ya jiji ikapanda nayo, na Gualter pekee ndiye aliyekuwa akishuka. Zulmira alikwenda kuitazama fleti ile mara tatu, na mara ya tatu alipanda na kushuka lifti bila sababu mpaka mlinzi akamwuliza kama amepotea.

"Sijapotea," alimjibu. "Naifurahia."

Kilichobaki ni cheti. Jimboni Massachusetts huuzi nyumba bila cheti cha ukaguzi, na Zulmira alikuwa akikifukuza tangu Machi. Kwanza waliambiwa ving'ora vya moshi ni vya zamani. Wakaweka vipya, wakapewa karatasi ya siku sitini. Kisha afisa mwingine akasema ngazi ya kushukia chumba cha chini haina reli ya kushikia. Wakaweka reli. Afisa yule alichukua siku sitini na moja kurudi kuitazama, na karatasi ya ving'ora ikawa imekufa jana yake. Ving'ora vikakaguliwa upya, ingawa vilikuwa vilevile, mahali palepale. Sasa, jana Alhamisi jioni, ilikuwa imefika barua nyingine: chini ya nyumba kuna jiko la pili, jiko la pili maana yake ni makao ya familia ya pili, nyumba imeandikishwa kwa familia moja. Jiko liondolewe kabla ya ukaguzi wa Ijumaa, saa nane mchana.

Waliowasikia Zulmira na Gualter wakiisoma barua ile kwa sauti walidhani wamepata bahati nasibu, kwa jinsi walivyocheka.

"Familia ya pili!" Zulmira alisema. "Miaka yote hii, Gualter, umewaficha wapi?"

Kwetu sisi tuliotoka visiwani, ng'ambo ya bahari, jiko la juu ni la kuchemshia kahawa na kuwaonyesha wageni. La kupikia ni la chini. Kule unakaanga samaki bila mapazia kunuka, unachemsha sukumawiki na soseji katika sufuria la kuogeshea mtoto, unaoka mikate mitamu arobaini ya Pasaka. Chini kwa Zulmira kulikuwa na meza ya watu ishirini ambayo Gualter aliitengeneza kwa milango ya kiwanda kilichobomolewa, na kando yake lilisimama jiko lenyewe: la chuma, jeupe, mafiga sita, tanuri mbili, zito kama ng'ombe aliyelala.

Dalali alifika saa nne. Jina lake Denise, mwanamke mwembamba wa kukimbiakimbia, na alibeba bakuli la ndimu za plastiki la kuweka juu ya meza ya sebuleni.

"Bi Zulmira, nyumba inapendeza," alisema, akizungusha macho kwenye kuta zenye madoa meupe pale watakatifu walipokuwa. "Lakini tuongee ukweli. Leo ni Ijumaa. Ofisi yao inafunga saa kumi na nusu. Cheti kisipopigwa muhuri leo, nafasi ya ukaguzi inayofuata ni baada ya wiki tatu."

"Na fleti wanatushikia mpaka Jumatatu," Zulmira akasema.

"Ndiyo. Kwa hiyo mkaguzi akikataa leo, itabidi nimpigie yule wa kampuni ya kununua nyumba. Wananunua bila cheti, wanakitafuta wenyewe baadaye, bila kuja hata kutazama. Ila wanakata theluthi ya bei."

"Theluthi!" Gualter alikuwa juu ya kiti, akijaribu kung'oa msumari ambao haukutaka kutoka. "Theluthi ni sebule na choo!"

"Shuka kitini wewe, na hiyo nyonga," mkewe akamwambia. Kisha akamgeukia Denise. "Usimpigie mtu. Jiko litatoka."

"Nani atalitoa?"

"Kaka yangu anakuja. Na jirani."

Kaka yake ni Eduíno, mwashi mstaafu wa miaka sitini na minane, mwenye mikono kama majembe na mdomo usiopumzika. Jirani ni Vuthy, Mkambodia wa nyumba ya mkono wa kushoto, aliyefanya kazi ya zamu katika kiwanda cha samaki wa barafu na aliyesema maneno kama kumi kwa juma. Lídia, binti pekee wa nyumba, aliomba ruhusa kwa daktari wa meno aliyekuwa akimsaidia kazi, akaja na kamba mbili na mkokoteni wa magurudumu. Kufikia saa saba na nusu wote walikuwa chini, wamelizunguka jiko.

"Liliingiaje humu?" Lídia aliuliza.

"Kwa mlango wa uani," baba yake akasema.

"Uko wapi?"

Gualter akaonyesha ukuta. "Ulikuwa pale. Maji yalipoingia mwaka wa tisini na moja niliuziba kwa zege."

"Zege gani ile!" Eduíno akaugonga ukuta kwa kiganja. "Shemeji, hapa ungejenga bandari. Mimi mwashi ningetia ndoo nne. Wewe umetia ngapi?"

"Maji yameingia tena?"

"Hayajaingia."

"Basi nyamaza."

Njia iliyobaki ilikuwa ngazi ya ndani: vidato kumi na viwili, na juu yake kona ya kuelekea jikoni. Eduíno alipima jiko, akapima ngazi, akatangaza kuwa linapita na linabaki na nafasi ya kidole. Walikuwa ndio kwanza wamelifunga kamba wakati kengele ya mlango ilipolia. Mkaguzi alikuwa amewahi kwa dakika ishirini.

Huyu aliitwa Normand Pelletier. Alikuwa mtu mzima, mvi zimechanwa vizuri, miwani imening'inia kifuani, na ubao wa karatasi ameukumbatia. Aliwaamkia wote kwa adabu, akashuka ngazi akigusa reli kila kidato, akaenda moja kwa moja kulikagua tanuri la kupashia nyumba joto lililokuwa nyuma kabisa. Zulmira akamfuata na taa ya mkononi.

"Jiko lile linatoka, Bwana Mkaguzi," alimwambia. "Vijana wangu wanalitoa sasa hivi."

Vijana wake, ambao umri wao ukijumlishwa ulikaribia karne mbili, walisikia, wakakonyezana. Gualter na Eduíno wakashika kamba juu, Vuthy akatia bega chini, Lídia akaelekeza. Walitaka mkaguzi akigeuka akute mahali patupu. Jiko likapanda vidato saba likilalamika. Katika cha nane likasikika *kwaa!* halafu hakuna kilichosogea tena.

"Vuta!" Eduíno akasema.

"Navuta!"

"Shusha basi!"

"Halishuki!"

Vuthy, ambaye kabla jiko halijanasa alikuwa amepenya juu kwa upande kama samaki, aliinama akatazama. "Reli," akasema.

Mpini wa tanuri ulikuwa umeingia nyuma ya reli ya kushikia, ile waliyoambiwa na jiji waiweke, na umenasa kati ya chuma na ukuta. Haukwenda juu wala chini. Na ngazi yote, toka ukuta hadi ukuta, ilikuwa imejaa jiko.

Bwana Pelletier alitokea kule nyuma, akasimama chini ya ngazi, akavaa miwani. Akaliangalia jiko. Akaangalia kuta nne. Dirisha pekee lilikuwa la ukubwa wa sinia.

"Mlango mwingine uko wapi?"

"Ulikuwa pale," Zulmira akasema, akimwonyesha zege.

Sauti ya Eduíno ikashuka kutoka juu, kupitia upenyo wa kando ya mafiga. "Bwana Mkaguzi! Tukiing'oa reli hii, jiko linapita!"

"Reli ikiwa haipo, siwezi kupitisha ngazi."

"Basi tuliache jiko!"

"Jiko likiwapo, siwezi kupitisha chumba."

Kisha sauti ya Lídia ikashuka: "Na wewe mwenyewe, Bwana Mkaguzi, utatokaje?"

Gualter ndiye aliyeanza kucheka, akafuata Eduíno, na kicheko chao kikashuka ngazi kama mawe. Zulmira alijizuia kwa heshima ya mgeni mpaka alipoona pembe ya mdomo wa mgeni ikitetemeka. Hapo akakiachia na chake, akacheka mpaka akaishika meza.

"Keti, Bwana Mkaguzi," alisema, akijifuta macho kwa aproni. "Ng'ombe akikwama mlangoni, walio ndani wanakula. Keti."

"Niko kazini, mama."

"Umefungiwa. Hiyo si kazi."

Friji ya chini ilikuwa bado imejaa, maana dalali alisahau kuiandika kwenye orodha yake. Zulmira alitoa mkate mtamu, jibini ya visiwani, na pilipili za chupa. Akachota divai ya Gualter kwenye pipa. Bwana Pelletier alisema hapana kwa divai, ndiyo kwa mkate, kisha akaonja pilipili na kulazimika kuipokea divai. Alikaa kwenye ncha ya meza ya watu ishirini, akaonekana mdogo.

"Mnakuwa wangapi hapa?" aliuliza.

"Pasaka tunajaa. Wakati mwingine watoto wanakaa kwenye ngazi. Siku ya harusi ya Lídia tulikula kwa zamu tatu."

Alitafuna pole pole. "Nadhani mnaniona mtu mbaya."

"Tunakuona mtu mwenye njaa."

"Mwaka juzi," akasema, "niliingia nyumba moja si mbali na hapa. Watu kumi na mmoja chini ya ardhi. Vitanda vya kupandana. Dirisha moja kama hili lako, na jiko la gesi katikati yao, linawaka ili wapate joto. Niliwahi, wakatoka wazima. Lakini tangu siku ile, nikiona jiko chini ya nyumba nahesabu milango."

Zulmira aliacha kukata jibini. "Nyumba ya nani?"

"Kampuni moja inayonunua nyumba. Jina silitaji."

"Wakafanywa nini?"

Mkaguzi aliugeuza mkate mkononi. "Walileta wakili. Nyumba ikaandikishwa upya kuwa ya familia tatu. Wakatoboa dirisha la pili. Wana cheti."

"Na wale kumi na mmoja?"

"Sijui walikokwenda. Hicho hakimo kwenye fomu."

Juu walisikika Gualter na Eduíno wakibishana nani alipima.

"Kwa hiyo wao wamelaza watu kama magunia, wamepata cheti," Zulmira akasema. "Mimi nimepika supu, nimekosa."

"Wao walikuwa na wakili."

"Mimi nina Gualter."

"Nimesikia!" Gualter akapiga kelele kutoka juu.

Mkaguzi akacheka, na safari hii hakujificha. Halafu akatazama saa yake, na cheko likaisha. Saa tisa na dakika ishirini. Muhuri ulikuwa ofisini, na ofisi dakika kumi na tano kwa gari.

Zulmira alikuwa amekwisha kusimama. Watu wengi walimjua kama mshonaji, lakini miaka ishirini na sita katika kiwanda cha nguo hakushona sana. Alikuwa fundi wa kutengeneza cherehani zilizoharibika, mwanamke wa kwanza kupewa ufunguo wa kabati la vifaa, na msimamizi aliyempa ufunguo ule hakumpa mshahara wa fundi. Kiwanda kilipofungwa na kazi kupelekwa mbali, yeye aliondoka na droo nzima ya bisibisi ndani ya mkoba wa kwendea kanisani. Droo ile ilikuwa pale chini, ya pili kutoka kushoto.

"Bwana Mkaguzi," alisema, "nikiifungua reli hii, jiko likatoka, kisha nikairudisha reli, wewe utakuwa umeona nini?"

Pelletier alifikiri. "Ukaguzi unaisha ninapotia sahihi. Kabla ya hapo sijaona kitu, naendelea kuona."

"Basi endelea kuona."

Alipanda vidato sita akapiga goti chini ya tumbo la jiko. Skrubu zilikuwa nane. Tano zilitoka kwa adabu. Ya sita iling'oka na kipande cha plasta, na vumbi jeupe likammwagikia nywele. Ya saba na ya nane alizifungulia kwa kupapasa, mkono umepita nyuma ya tanuri, uso umegeukia upande wa mkaguzi, macho yamefumba, kama mtu anayesikiliza redio ya mbali. Reli ikaanguka mikononi mwake.

"Tayari!" akaita. "Vuteni!"

Kamba zikakaza. Jiko likasogea kidole kimoja, likarudi vidole viwili.

"Chini hakuna nguvu!" Eduíno akalalama. "Nani yuko chini?"

"Chini niko mimi," dada yake akamjibu, "mwanamke wa miaka sabini na miwili, na serikali!"

"Basi serikali isukume!"

Normand Pelletier aliweka ubao wake mezani. Akavua koti, akalikunja, akaliweka juu ya ubao. Akapanda akatia bega kwenye chuma kando ya bega la Zulmira.

"Serikali, sukuma!" Gualter alipaza sauti kule juu, kwa furaha ya mtu aliyengoja miaka arobaini kuisema. "Sukuma, serikali! Usilale!"

Serikali ikasukuma. Mishipa ikamtoka shingoni, miwani ikaanguka, na jiko likapanda kidato cha tisa, cha kumi, cha kumi na moja. Kwenye kona lilikwaruza ukuta mstari mrefu ambao Denise angeulilia, na ghafla likawa jepesi. Walio juu walianguka chali kwenye sakafu ya jikoni, mmoja juu ya mwingine, na jiko likasimama katikati yao.

Saa kumi kasorobo. Zulmira hakupanda kulitazama. Matundu ya skrubu yalikuwa yamechoka. Skrubu zilizunguka ndani yake bila kushika. Akamwomba Lídia kiberiti na gundi. Akazichovya njiti kwenye gundi, akazishindilia tundu kwa tundu, akazikata kwa kisu cha jibini, akairudisha reli mahali pake akiitilia skrubu mojamoja, huku mkaguzi akimshikia taa. Vidole vyake vilikuwa vimevimba viungo, lakini bisibisi ilizunguka kama inayojiendesha yenyewe.

"Pima," alisema mwishowe.

Pelletier akatoa tepu. "Inchi thelathini na nne na nusu. Ni sawa." Kisha akaishika reli kwa mikono miwili, akajining'iniza kwa uzito wake wote. Reli haikulia hata kidogo. Akageuka akakitazama chumba: pipa, friji, meza, na kwenye sakafu alama ya mraba ya jiko, safi kuliko saruji yote iliyoizunguka.

"Na meza?" Zulmira akauliza. "Meza ni kosa?"

"Fomu haina mahali pa meza," akasema, akatia sahihi.

Aliondoka mbio, vumbi la plasta mabegani, na nusu ya mkate mtamu kwenye karatasi ya foili chini ya kwapa.

Sasa jiko lilikuwa njiani, kando ya barabara, kwa sababu mkokoteni ulivunjika gurudumu hapo hapo. Denise alipofika na gari lake saa kumi na moja kasorobo alishika kichwa.

"Mpiga picha anakuja kesho alfajiri! Hili linafanya nini hapa?"

"Linapunga hewa," Eduíno akasema. Alikuwa ameketi juu ya kiti cha jikoni pembeni yake, kama mwenye duka.

"Lazima lichukuliwe na gari la taka kubwa. Mna stika?"

Stika ya kuonyesha kuwa umelipia taka kubwa ilikuwa ikiuzwa ofisi ileile ya jiji, dirisha la pili, nayo ilikuwa imefungwa tangu saa kumi na nusu. Bila stika ilikuwa faini. Denise alianza kupiga simu. Gualter alilipapasa jiko ubavuni. Zulmira akamsogelea, akamshika kiwiko.

"Linaniuma kidogo," Gualter akasema. "Fleti ina jiko la umeme. La vioo."

"Najua."

"Mafiga manne."

"Tuko wawili, mzee wangu. Mafiga mawili yatapumzika."

Vuthy alikuwa amesimama na mikono kiunoni muda wote ule. Akaondoka bila kuaga, akaingia kwake, akarudi akiburuta mtungi wa gesi na mpira mrefu mabegani. Akaonyesha jiko, kisha akaonyesha uwanja wake wa saruji, hatua kumi kutoka pale, uliofunikwa nusu na paa la bati.

"Langu," akasema. "Kama mnanipa."

"Utalipikia nini?" Lídia akauliza.

"Wanangu watatu, wake zao, wajukuu tisa." Akafikiri. "Jiko langu mafiga mawili."

Hakuna aliyemsikia Vuthy akisema maneno mengi kiasi kile. Walilisukuma jiko kwa mikono, wote, hata Denise, ambaye alivua viatu vyake vya visigino akavipanga juu ya ukuta. Vuthy akafunga mpira, akapaka povu la sabuni kwenye kiungo kuona kama gesi inavuja, akawasha. Moto ukatoka bluu, mafiga sita yote. Zulmira alikuwa amekwisha kufika na sufuria. Nyumba haikuruhusiwa kunuka, lakini orodha haikusema lolote juu ya uwanja wa jirani. Soseji zikaingia, viazi, maharagwe, na sukumawiki lote la bustanini, ambalo karibuni lingekuwa la mtu mwingine.

Jua la Juni lilikuwa bado juu. Harufu ilivuka barabara, na watu wakaanza kutoka na viti vyao bila kuitwa. Saa kumi na moja na nusu gari la jiji likasimama. Bwana Pelletier akashuka, akasema amesahau tepu yake ngazini, akampa Zulmira bahasha. Cheti kilikuwa na muhuri mwekundu na wino haujakauka sawasawa. Zulmira alikiinua juu kwa mikono miwili, akakizungusha ili mtaa wote ukione, na makofi yakapigwa mpaka mbwa wakabweka. Gualter akamkumbatia mkaguzi kabla hajajitetea.

"Jiko hili…" Pelletier alianza, akiutazama moto.

"Si letu tena," Zulmira akasema. "La Vuthy."

"Uwanja wa Bwana Vuthy sikutumwa kuukagua," akasema, akapokea bakuli.

Ndipo gari dogo lenye taa moja iliyopasuka lilipopita pole pole, likapita tena, likasimama. Akashuka mwanamke mwenye sare ya wafagizi wa hospitali, na nyuma yake mama yake mzazi, mfupi, na shali mabegani. Waliona kibao cha nyumba inauzwa, binti akasema. Walijua maonyesho ni kesho, lakini kesho yeye yuko zamu. Je, wangeweza kuitazama kwa nje tu?

Denise alikuwa na kijiko mdomoni. Kabla hajakitoa Zulmira alikuwa amewashika mikono wote wawili.

"Kwa nini nje? Mimi ndiye mwenyewe. Maji hayajaingia chini tangu tisini na moja, kidato cha tatu cha ngazi ya mbele kinalia, na dirisha la chumba cha nyuma ukilifungua lishikilie, litakuangukia. Zabibu zinazaa kila mwaka. Mkwaruzo wa kwenye kona ni wa leo, ni wa serikali."

"Bi Zulmira," Denise akanong'ona, "hayo hayamo kwenye tangazo."

"Ndiyo maana nawaambia mimi."

Waliingia, wakakaa ndani muda mrefu kuliko watu wanaotazama kwa nje tu. Walipotoka, yule mama mzee alikuwa akiongea haraka kwa lugha yake, na binti alikuwa akiitikia kwa kichwa akitabasamu. Walipewa viti na mabakuli. Mama akanywa supu, akafuta mdomo, akamwambia binti neno.

"Mama anasema chini kuna meza kubwa," binti akatafsiri. "Anauliza kama inakwenda na nyumba."

"Haipiti ngazini," Gualter akasema. "Imezaliwa humo. Ni ya nyumba."

Mama akasema tena, safari hii akimtazama Zulmira mwenyewe.

"Anasema watu wote hao wakikaa pale, chakula chao kinapikwa wapi?"

Vijiko vilisimama. Denise akamtazama Pelletier. Pelletier akaliinamia bakuli lake kwa bidii, kama kwamba kuna kilichoandikwa ndani yake. Zulmira akageuka akalitazama jiko.

Vuthy alikuwa mbele ya jiko, anakoroga. Hakugeuka.

"Hapa," akasema. "Mimi sihami."